Vyura wa Stesheni

Mwanangu Tatu,

Mwalimu wetu wa kisomo alitufundisha kwamba barua huanza hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nimeinakili sentensi hiyo ubaoni mara nyingi mpaka vidole vikawa vyeupe. Leo nimeona hainifai. Wewe bado hujawa mbali, uko kisimani unafua nguo za safari, nakusikia unavyoimba vibaya, na hofu na mashaka yote yako kwangu mimi niliyekaa hapa mkekani. Basi acha nianzie hapo. Na mwandiko usiucheke, maana nilishika kalamu nikiwa tayari na mvi.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutomwachia mtu mzigo wako ndani ya treni, ya kuleta habari mara ukifika, nitakuambia kwa mdomo kesho mpaka unichoke. Haya ya humu nimeshindwa kuyasema. Jana nilijaribu. Ulikuwa unaikunja ile kanga nyekundu uliyomnunulia Bibi Kalunde mjini Tabora, ukaniambia kwamba ukifika Usinge, wiki ya kwanza tu, utamtafuta, kwa kuwa mfinyanzi mzuri kama yule hawezi kukosa kujulikana. Nikasema nakwenda kuangalia maharage. Hakukuwa na maharage yoyote jikoni, Tatu. Nilisimama tu mbele ya mafiga yaliyopoa.

Bibi Kalunde hayuko Usinge. Hajapata kufika Usinge hata siku moja. Ni mimi niliyekuambia kwamba amehamia kwa ndugu zake huko, ulipokuja likizo kutoka bwenini ukaikuta nyumba yake haina mlango. Nilichagua Usinge kwa sababu ni mbali na msitu umeizunguka, nikajua mtoto wa shule hawezi kwenda kuulizia. Sasa umehitimu, umepewa kazi ya bibi shamba, na katika vijiji vyote vya mkoa huu wamekupangia huko huko. Uliponisomea barua yako ya kazi nilikuomba ulirudie jina la kijiji mara mbili. Wewe ukadhani ni furaha, ukanikumbatia.

Soma polepole. Hiyo treni yenyewe haina haraka.

Unajua kwamba mimi ndiye niliyerithi habari za mvua kwa babu yako. Hakunichagua kwa mapenzi. Kaka zangu walikwenda kukata mkonge Tanga na hawakurudi, nikabaki mimi wa kumshikia fimbo. Kule kwetu kwa zamani, kabla ya kuhamishwa, alinizungusha porini kila mwisho wa kiangazi akinionyesha. Mitundu inapovaa majani mekundu wakati ardhi bado ni vumbi, mti umejua jambo ambalo wewe hujalijua. Sisimizi wanapobeba mayai yao kuyapandisha juu ya kichuguu, wanahama kabla ya mafuriko. Mumbi, yule ndege mkubwa mweusi mwenye kidevu chekundu, akinguruma alfajiri siku tatu mfululizo, tafuta jembe lako. Upepo wa mashariki ukifa ghafla na joto likabaki limekaa kwenye shingo, tazama magharibi. Na Kilimia, zile nyota zilizosongamana, zikianza kuonekana upande wa mashariki mara baada ya jua kutua, basi msimu uko njiani, hata kama siku yenyewe haijulikani.

Lakini alichokiamini kuliko vyote ni vyura. Nyumba zetu zilikuwa kando ya mbuga, bonde la udongo mweusi, na maji ya mbuga ile yalitoka vilimani, mbali, tusikokuona. Mvua ikinyesha huko, maji yalipenya chini ya udongo polepole, na vyura walioko juu ya mbuga waliyapata kabla yetu. Wakilia wao, sisi tulihesabu siku tatu. Sikumbuki wakikosea.

Babu yako alikuwa na mwiko mmoja tu, na ndio huo nilioukanyaga. Hakufungua mdomo mpaka apate dalili tatu zilizokubaliana. Watu walimjia wakambembeleza, wakamnunia, yeye aliwaambia hajui. Alikuwa anasema hajui bila aibu yoyote, kama mtu anayekuambia hana tumbaku. Mimi sikuwa hivyo. Mimi nilipenda kuulizwa. Wanaume wazima wanaoishi kwa jembe wanakaa kimya wakusikilize wewe mwanamke, mjane, unaongea habari za mbingu. Kichwa kinavimba, mwanangu, usidanganyike, na changu kilivimba.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia kijiji cha ujamaa. Wewe ulikuwa bwenini Tabora, hukuona. Tuliezuliwa mapaa, tukapakiwa kwenye tela la trekta na kuku na magodoro, tukaletwa hapa karibu na reli, nyumba zimepangwa mstari kama darasani. Bibi Kalunde alikaa kwenye tela amepakata vyungu vyake sita, na njia yote ile mbaya hakikuvunjika hata kimoja. Aliposhuka alicheka, akasema sasa serikali imempa majirani wa kumnunulia. Unayakumbuka macho yake yalivyokuwa mekundu. Ulikuwa mdogo ukamwuliza kama analia kila siku, akakuambia ni moshi wa kuchomea vyungu. Hakuwa na mtoto. Wewe ulilelewa nyumba mbili, na mimi nilipokuchapa ulikimbilia ile ya pili.

Mwaka ule wa kwanza mvua zilichelewa. Mbegu za shamba la pamoja zilikuwa zimeletwa, magunia yamekaa ofisini, na kila mtu alikuwa na kipande chake pia. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Akasimama mbele ya watu wote akaniuliza mimi, kwa heshima kabisa, kama wakati wa kupanda umefika.

Sasa angalia nilivyokuwa. Mitundu ya hapa ilikuwa imekatwa yote kwa ajili ya nyumba. Vichuguu vilisawazishwa na trekta. Mumbi walikuwa wamekimbia kelele. Dalili zangu zote nilikuwa nimeziacha kule mahame tulikohamishwa, na mimi sikuwa nimelitambua hilo, nilijiona nimekuja na elimu yangu kichwani kama mtu anayehama na kitanda. Nilichokuwa nacho ni kimoja tu. Jioni ya jana yake nilikuwa nimewasikia vyura, wengi, wenye sauti nene, wanalia upande wa reli. Nikawaambia watu wapande. Nikawapa na siku: tatu.

Wakapanda. Shamba lote la pamoja, na vipande vyao vyote, na wengine walimaliza hadi mbegu ya akiba. Siku ya tano kulinyunya kidogo, kiasi cha kuidanganya mbegu. Ikachipua. Halafu jua likatoka na halikuondoka. Baada ya wiki mbili ukipita shambani ulikuwa unasikia majani yanavyovunjika chini ya miguu.

Katika siku hizo nilikwenda stesheni kukutumia karanga. Treni ya moshi ilikuwa imesimama inakunywa maji kwenye lile tangi la juu, na ilipoondoka, bomba likabaki linadondosha, kama linavyodondosha kila siku hadi leo. Chini yake palikuwa na kidimbwi chenye majani mabichi pembeni. Na humo, Tatu, ndimo walimokuwa. Vyura wanene, wametulia, hawana habari na mbingu wala vilima. Walikuwa wanalilia treni. Nilisimama pale na kifurushi chako cha karanga mkononi, na jua lote lile, nikasikia baridi.

Niliondoka nikiwa nimeamua kusema. Nakuapia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Lakini nilipofika nyumbani nikawakuta watu wamejaa mlangoni, wanaume kwa wanawake. Mzee mmoja ambaye watoto wake walishaanza kula mlo mmoja kwa siku akaniambia, "Mama Tatu, wewe hujapata kutudanganya. Hebu tuambie, mvua ilikuwa inakuja au haikuwa inakuja?"

"Ilikuwa inakuja," nikasema.

"Sasa imekwenda wapi?"

Nikaona mikono yao. Nikawaza kwamba nikisema vyura wa stesheni, watacheka kwanza, kisha hawatacheka. Nikasema, "Kuna kilichoizuia."

Basi. Sikutaja jina la mtu. Miaka hii yote nimejifariji kwa hilo, kwamba sikutaja jina, na kila mara nikifika hapo najiona mwongo zaidi. Nilikuwa najua vizuri nani anasemwa kupenda jua. Kwetu sisi mfinyanzi ndiye wa kwanza kutazamwa mvua ikikawia, kwa kuwa vyungu vibichi havitaki maji, na kwa kuwa huvianika vikiwa vimeinamishwa, mdomo chini. Watu husema kila chungu kilichoinamishwa kimefunika kipande cha mbingu. Bibi Kalunde alikuwa na kumi na viwili vimeinamishwa uani kwake siku ile. Mjane, hana mtoto, macho mekundu. Sikuwa na haja ya kutaja.

Walikwenda kwake asubuhi. Mimi nilijifungia ndani nikatwanga kinu kitupu nisisikie, lakini chungu kikivunjika kina sauti yake, hakifichiki na mchi. Nilivihesabu bila kutaka. Kisha walibomoa mlango. Hawakumpiga, walimwambia tu atoke kijijini aondoke na jua lake.

Akapita hapa. Nilichungulia. Alikuwa na kibunda kichwani na udongo mikononi hadi kwenye viwiko, nadhani walimkuta akifinyanga. Alisimama mlangoni kwangu, akanisalimia kama alivyonisalimia kila asubuhi ya maisha yangu. "Mwangaluka." Sikumwitikia. Akangoja kidogo, akasema kwa ile sauti yake ya kawaida, "Mtoto aliniomba ng'ombe wa udongo wa kuwaonyesha wenzake bwenini. Wamekauka, lakini sijawachoma. Mwambie asiwatie maji." Akaweka kitu chini, akaenda. Nilifungua mlango alipokwisha kupotea kwenye njia ya kurudi mahame.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Hapo ndipo palipo pabaya kuliko pote. Isingenyesha, labda watu wangejiuliza. Ilinyesha mchana kutwa, watoto wakatoka wakacheza uchi, na kila mtu alikuwa na uhakika. Waliniletea kuku wa shukrani. Nilimpika, nikamla, na nilikuwa na njaa, kwa hiyo alikuwa mtamu.

Warina asali ndio waliomkuta, baada ya mwezi hivi. Alikuwa amerudi kwenye nyumba yake ya zamani, ile iliyoezuliwa paa, amekaa pembeni pa ukuta. Sijui aliugua au aliacha tu kula. Walimzika hapo hapo ndani, wakaja kuniarifu mimi kwa sababu nilikuwa jirani yake. Niliwaomba wasimwambie mtu. Wiki iliyofuata ukaja likizo, ukauliza, nikasema Usinge.

Kwa nini nakuambia leo, mbali na hiyo kanga? Kwa sababu mbili, na zote zinaninyima usingizi.

Wewe unakwenda mahali ambapo watu watakuuliza. Utakuwa na daftari na cheti, lakini mvua ikichelewa hawatakuuliza habari za daftari, watataka siku. Watakuuliza kwa upole na kwa heshima, na wewe ni binti yangu, utapenda kuulizwa. Dalili za huko ni za huko. Jifunze kwa wenyeji wao, usiende na zangu, wala usidhani nimekuambia kwamba dalili ni uongo. Babu yako hakuwa mwongo, mwongo nilikuwa mimi. Ukiwa hujui, sema hujui. Ukikosea, sema siku ile ile, maana kesho yake neno lenyewe linakuwa zito na wewe unakuwa mwepesi. Swali lao la kwanza, kama mvua inakuja, halina ubaya. Ninaloliogopa mimi ni la pili. Ukisikia mtu anauliza imekwenda wapi, Tatu, jua kuna mtu anatafutwa, na kama kinywa chako ndicho kilichotoa ahadi, basi ni juu yako kusimama mbele yake umkinge.

Sababu ya pili ni hapa hapa. Umeona mwenyewe kwamba mwaka huu pia imekawia. Umemwona Nyamizi, yule mama kijana wa nyumba ya mwisho mwenye watoto wawili, ambaye ameanza kufinyanga kwa kuwa kijiji kizima hakina chungu. Juzi watu walinijia, wewe ulikuwa umekwenda kumuaga rafiki yako. Hawakuuliza la kwanza. Walianza moja kwa moja na la pili. Niliwajibu kwamba nitasema Ijumaa kwenye mkutano, wakaridhika, mmoja akanishukuru kabisa. Walipoondoka walipita njia ya nyumba ya Nyamizi, na nikawaona wanavitazama vyungu vyake uani.

Ijumaa nitawaambia habari ya vyura. Nitawaambia yote, mpaka kuku. Naogopa, sitakuficha. Wale waliovunja vyungu bado wako hapa, ndio tunaosali nao, ndio tunaochota nao maji, na nikisema hakukuwa na kilichozuia mvua nitakuwa nimewaambia wao pia walichofanya. Sijui watataka hatia iwe ya nani. Nami sasa ni mjane mzee, na macho yangu, kwa moshi wa jiko hili, sikupenda nilivyoyaona kwenye kioo chako. Wiki iliyopita nilipita kisimani, mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Labda alikuwa anamwepusha na matope. Hakuna matope mwaka huu.

Ndiyo maana sikukubali uchelewe siku tatu ukae nami, ukanung'unika kwamba nakufukuza. Nakufukuza, ndiyo. Nikikuona umekaa kwenye mkutano huo nitameza maneno tena, kwa ajili yako safari hii, na nitajiona mama mwema.

Kikapu chako nimekipanga upya. Kanga nimeitoa, usiitafute. Kesho treni ikishaondoka nitakwenda nayo mahame, ni mwendo wa nusu siku, nimtandikie pale alipo na nimwitikie salamu yake. Mahali pake, chini ya karanga, kuna kitambaa kimefungwa fundo. Ni ng'ombe wako wawili. Mmoja amekatika pembe, kosa langu, nilikuwa nawahamisha mahali pa kuwaficha. Hawajachomwa, kwa hiyo usiwatie maji.

Barua hii nitakupa ukiwa tayari umepanda, usiifungue mbele yangu. Treni ikimaliza kunywa maji na kabla haijaondoka, nitakuambia utoe kichwa dirishani usikilize. Utakuwa umewasikia. Hao ndio.

Na siku utakayokuja likizo, kama utakuta nyumba yangu haina mlango, na mtu akakuambia kwa upole kwamba mama yako amehamia kwa ndugu zake, mwulize ni ndugu gani. Unajua kwamba sina.

Mama yako.